Maji Yaliyovuka Mgongo: Kutoka Njia ya Misafara ya Kigwa hadi Bomba la Ziwa Victoria

Kigwa iko mashariki ya mji wa Tabora, ndani ya wilaya ya Uyui. Katika karne ya 19 jina lake lilijulikana hadi Bagamoyo na Unguja, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwisho kabla ya Unyanyembe, eneo la Tabora. Msafara uliotoka pwani ulipita Ugogo, ukakata pori la Mgunda Mkali, ukatokea Tura, ukaja Rubuga, ukafika Kigwa. Kutoka hapo wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wamekwisha fika kwao.

Njia ile ilipangwa na maji. Kiongozi wa msafara alijua ni kisima kipi hukauka kabla ya mwezi wa nane na ni kijito kipi huacha madimbwi mchangani hadi vuli. Palipokuwa na ukavu kati ya kituo na kituo, msafara ulipiga telekeza: watu walipika na kunywa asubuhi, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likiwa limevuka utosi, wakatembea mpaka giza, wakalala pasipo na tone, na alfajiri wakashika njia tena hadi kisima kinachofuata. Hesabu yote hiyo ilikaa vichwani mwa watu. Nami naihesabu kuwa takwimu za kwanza za maji za nchi hii, kwa sababu ilikuwa na kila kitu ambacho takwimu nzuri hudai: mahali, kiasi, msimu, na mtu wa kuwajibika akikosea.

Walioanza kuiandika walikuwa wageni. Richard Burton na John Hanning Speke walipita sehemu hizi mwanzoni mwa Novemba 1857, wakaingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu katika eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 ya mwezi huo. Burton aliandika umbali kati ya vituo, hali ya visima, na tabia za watawala. Yule wa Kigwa hakumsifu, kwani misafara ilimlalamikia kwa uporaji. Miaka 14 baadaye, Juni 1871, Henry Morton Stanley alipita njia ileile akimtafuta Livingstone na kukuta Rubuga na Kigwa zimeharibiwa kwa vita. Mahali palipokuwa na mashamba na ng'ombe palibaki magofu. Kijiji kikiteketea namna hiyo, anayejua kina cha kisima chake naye huondoka, na wanaokuja nyuma huanza kuchimba upya.

Huko Kazeh, Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani aliyewapokea, aliwaeleza wageni jambo walilokuwa hawajalipata kwa usahihi kutoka kwa yeyote mwingine: kwamba bara lilikuwa na maziwa matatu, si bahari moja ndefu kama ramani za Ulaya za wakati ule zilivyochora. Moja lilikuwa Nyasa, la pili lilikuwa lile la Ujiji, na la tatu lilikuwa kaskazini, upande wa Ukerewe. Burton akiwa mgonjwa, Speke alitoka Kazeh Julai 1858 pamoja na Sidi Mubarak Bombay, akapita Usukuma, na tarehe 3 Agosti akasimama juu ya Mwanza akiliangalia ziwa. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amerudi Kazeh. Alikuwa na kipimajoto cha kuchemshia maji, ambacho humwezesha mtu kukadiria kimo cha mahali kutokana na joto ambalo maji huanza kuchemka, na jibu lake kwa ziwa lile lilikuwa karibu sana na kimo tunachokijua leo, yaani mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Lakini kwa Ziwa Tanganyika kipimo cha namna hiyohiyo kilimpotosha kwa mamia ya futi. Wanajiografia wa London waligombana kwa miaka kuhusu chanzo cha Nile, na sehemu ya ugomvi wao ilisimama juu ya namba hizo.

Njia ya Speke kutoka Kazeh kwenda Mwanza inafuatana kwa jumla na mwelekeo ambao maji ya ziwa yanakuja nao leo, ila maji yanakuja kinyume chake. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo lazima mtu aitazame ardhi ya Tabora. Ukiwa huku unaona tambarare tu, miombo na mbuga, vilima vya mawe hapa na pale, wala macho hayakuonyeshi mgongo wowote. Hata hivyo mgongo upo. Mvua inayonyesha Tabora mjini na pande za kusini na magharibi huteremka kwa mito ya Igombe na Wala kuelekea Ugalla na Malagarasi, hadi Ziwa Tanganyika. Kutoka humo hutoka kwa mto Lukuga, huingia Kongo, hufika Bahari ya Atlantiki. Mvua inayonyesha Igunga, na hata Shinyanga mjini, hushika mto Manonga na mbuga ya Wembere, huingia Ziwa Kitangiri, na mwisho wake ni Eyasi, ziwa la magadi ambalo halina mlango wa kutokea. Maji yake hupaa na kuacha chumvi. Na mvua inayonyesha kandokando ya ghuba ya Mwanza huingia Ziwa Victoria, hupita Jinja nchini Uganda, na yale yanayonusurika jua la Sudan Kusini na jangwa huishia Mediterania. Bahari mbili na ziwa lisilo na njia, vyote vinagawana mvua ya eneo ambalo basi hulikata kwa siku moja.

Mgongo kati ya mkono wa kusini wa ghuba ya Mwanza na bonde la Manonga ni mfupi. Wajerumani waliliona hilo mapema. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walichora mpango wa kuyatoa maji ya Ziwa Victoria kusini mwa ghuba, katika mkono ambao ramani ziliuita Smith Sound, na kuyapeleka kwa mfereji hadi Manonga na mbuga ya Wembere, wakalime pamba kwa umwagiliaji. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na pamba ingekuwa na njia ya kwenda bandarini. Vita vikaingia. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora, na mpango ukabaki kwenye makabrasha. Ila haukufa; ulirithiwa na Waingereza, kisha na Tanganyika huru, ukitajwa na kuahirishwa kwa zaidi ya nusu karne.

Reli yenyewe ilileta aina mpya ya hesabu. Treni ya mvuke hunywa maji mengi, nayo hairuhusu kubahatisha. Mhandisi alipaswa kujua ni stesheni ipi ina maji ya kutosha mwaka mzima, na ni ipi itakauka Oktoba. Katika kazi hiyo alikulia Clement Gillman, aliyekuja nchini mwaka 1905 kujenga reli chini ya Wajerumani, akabaki chini ya Waingereza hadi akawa mhandisi mkuu wa reli ya Tanganyika. Alitembea kwa miguu na kuandika shajara kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1936 alichapisha ramani ya makazi ya watu wa Tanganyika, iliyoonyesha kwamba watu wamejikusanya palipo na maji ya kudumu, na kwamba sehemu kubwa ya nchi ilikuwa tupu kwa sababu ya ukosefu wake. Baada ya kustaafu reli aliteuliwa kuwa mshauri wa maji wa serikali, akaandika taarifa ambayo wahandisi waliomfuata waliitegemea kwa miaka mingi. Gillman anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa, kwani aliandika kile alichokipima, na palipokuwa na pengo alisema ni pengo.

Lakini wakati Gillman akihangaika na visima vya reli, hesabu kubwa zaidi ilikuwa ikifungwa Cairo. Tarehe 7 Mei 1929 Misri na Uingereza zilibadilishana hati kuhusu maji ya Nile. Kwa hati hizo, bila ridhaa ya Misri haikuruhusiwa kujenga kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme juu ya Nile, matawi yake au maziwa yanayouzaa mto huo, katika nchi zilizo chini ya Uingereza, iwapo ingepunguza maji yanayofika Misri, au kubadili wakati wa kufika kwake, au kushusha kina chake. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza, hivyo ghuba ya Mwanza ikafungwa kwa barua ambayo hakuna Msukuma wala Mnyamwezi aliyeulizwa.

Sehemu nyingine ya hati hizo husahauliwa, nayo kwangu ndiyo yenye somo kubwa. Misri ilihakikishiwa nafasi kamili ya kuchunguza na kuandika mwenendo wa maji ya Nile ndani ya Sudan. Misri iliitumia haki hiyo kwa bidii isiyo na mfano. Kuanzia 1931, H. E. Hurst na wenzake katika idara ya serikali ya Misri walianza kuchapisha mfululizo mrefu wa vitabu kuhusu bonde lote la Nile: kina cha maji siku kwa siku, mtiririko, mvua, uvukizi, kuanzia maziwa ya kusini hadi delta. Kutoka kwenye namba hizo Hurst alitoa wazo la akiba ya karne, yaani kuyageuza maziwa ya Afrika Mashariki kuwa ghala la kuilinda Misri dhidi ya miaka mibaya. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, lilijengwa baada ya makubaliano na Misri, na wahandisi wa Misri waliwekwa pale kusimamia kiasi cha maji kinachotoka. Kiasi hicho kilifuata mstari uliokubaliwa: ziwa likiwa na kina fulani, maji fulani hutoka, kama ambavyo maporomoko yenyewe yangeyatoa kabla ya bwawa.

Kwa hiyo ilipofika Uhuru, mwenye ziwa alikuwa na ziwa na mwenye daftari alikuwa na daftari. Karibu nusu ya eneo la Ziwa Victoria iko Tanzania, lakini mtu aliyetaka kuzungumza kwa namba kuhusu ziwa hilo alilazimika kufungua kitabu kilichochapwa Cairo.

Julius Nyerere alilishika jambo la kwanza, la haki. Mwishoni mwa 1961 alilieleza bunge msimamo wake kuhusu mikataba ya wakoloni: nchi haiwezi kurithi bila kuhojiwa ahadi ambazo haikuziweka, lakini ingetoa muda wa miaka miwili wa kujadiliana. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba hati za 1929 haziifungi. Misri ilijibu kwamba bado zinatumika mpaka yapatikane makubaliano mengine. Kabla ya hapo, mwaka 1959, Misri na Sudan zilikuwa zimekwisha gawana maji ya Nile kwa namba, mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan kila mwaka, bila kuacha hata lita moja yenye jina la nchi za juu ya mto.

Jambo la pili, la daftari, lililetwa na mvua. Kuanzia mwishoni mwa 1961 zilinyesha mvua kubwa, na hadi 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda karibu mita mbili na nusu. Bandari zilifunikwa, mashamba ya kando yakazama, na hakuna aliyeweza kueleza kwa uhakika sababu yake. Wengine walilaumu bwawa la Jinja, wengine mvua, wengine mito. Mwaka 1967 ukaanzishwa uchunguzi wa pamoja wa maziwa Victoria, Kyoga na Albert, ukisaidiwa na Umoja wa Mataifa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan na Misri zilikaa meza moja kupima mvua, mito na uvukizi. Vituo vilijengwa, wasomaji wa vipimo wakaajiriwa vijijini, na mito ya Tanzania inayoingia ziwani ikapata kumbukumbu zinazofuatana.

Kazi ya msomaji wa kipimo haina fahari. Huenda mtoni asubuhi na jioni, husoma ubao wenye namba uliosimikwa majini, huandika. Ubao ukisombwa na mafuriko ukasimikwa upya kwa kimo tofauti bila kuandikwa, miaka 20 ya kumbukumbu huharibika bila mtu kujua. Hata namba mashuhuri za Jinja zina hatari hiyo. Tunaposikia kwamba ziwa lilifika zaidi ya mita 13 mwaka 1964, na kwamba Mei 2020 likakivuka kilele hicho, hatuambiwi kina cha ziwa, maana Victoria ina vina vya hadi takribani mita 80. Tunaambiwa alama kwenye kipimo ambacho sifuri yake iko mahali maalumu. Asiyejua sifuri iko wapi hana namba yoyote mkononi.

Kuhamisha maji kutoka bonde moja kwenda lingine si jambo geni katika ukanda huu. Nairobi imo katika bonde la Athi lakini hunywa zaidi maji ya bonde la Tana, ikiwemo kutoka bwawa la Ndakaini. Lesotho na Afrika Kusini zilitia saini mkataba mwaka 1986, na mwaka 1998 maji ya milima ya Lesotho yakaanza kwenda upande wa mto Vaal. Huko kila mita ya ujazo huandikwa kwa makini, sababu ikiwa nyepesi: Lesotho hulipwa kwa maji yanayovuka, na palipo na malipo pande zote mbili huisoma dira ya maji. Bomba letu la kutoka Ziwa Victoria halikuwa na mlipaji wa ng'ambo wa namna hiyo, kwa hiyo nidhamu ya kupima ilibidi itoke ndani.

Lilianza katika awamu ya Rais Benjamin Mkapa. Edward Lowassa, waziri wa maji na maendeleo ya mifugo kuanzia 2000 hadi 2005, alilisimamia kwa ukakamavu ambao hata wapinzani wake walimkubalia. Wakati huo nchi za Nile zilikuwa katika mazungumzo. Ushirikiano wa bonde la Nile ulikuwa umezinduliwa Dar es Salaam Februari 1999. Misri haikufurahishwa na bomba. Tanzania ilijenga kwa fedha zake yenyewe, mkandarasi akatoka China. Tarehe 30 Mei 2009 Rais Jakaya Kikwete alizindua mradi wa Ziwa Victoria, Kahama na Shinyanga. Maji huvutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, kwenye ufukwe wa ghuba ambayo Speke aliitazama. Husafishwa hapo, husukumwa hadi kilima cha Mabale, kisha hushuka kwa mserereko kwenda kusini. Mamlaka ya KASHWASA iliundwa kuyauza kwa jumla kwa mamlaka za miji.

Mtambo wa Ihelele ulijengwa kutoa mita za ujazo 80,000 kwa siku. Namba hii ndiyo ilikuwa silaha ya kweli ya Tanzania, na ni vyema kila mwanafunzi wa Tabora ajue kuipigia hesabu. Ni chini ya mita moja ya ujazo kwa sekunde. Maji yanayotoka Jinja kwa wastani ni kiasi cha mita za ujazo 1,000 kwa sekunde. Kwa mwaka mzima, bila kusimama hata siku moja, mtambo ungetoa mita za ujazo milioni 29.2. Ukigawanya hizo kwa eneo la ziwa, takribani kilomita za mraba 68,800, unapata kina cha chini ya nusu milimita, wakati jua hupandisha hewani kina cha karibu mita moja na nusu kila mwaka. Ukilinganisha na bilioni 55.5 za Misri, ni sehemu moja kati ya 1,900. Bila namba, mzozo ungebaki maneno ya haki dhidi ya maneno ya hofu.

Nako Jinja kulitokea jambo lililothibitisha gharama ya kukosa daftari wazi. Kati ya 2004 na 2006, bomba likiwa bado linajengwa, ziwa lilishuka kwa kasi hadi wavuvi wa Mwanza na Kisumu wakaona magati yamebaki juu ya tope. Ukame ulitajwa. Mwaka 2006 mtaalamu wa maji Daniel Kull alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya kushuka kwa miaka ya 2004 na 2005 ilitokana na mabwawa ya Jinja, Nalubaale (ndiyo Owen Falls) na Kiira, kufungua maji kupita mstari uliokubaliwa. Lau namba za kila siku zingekuwa mikononi mwa nchi zote tatu za ziwa, mabishano yale yasingehitaji mchunguzi wa pembeni.

Baada ya uzinduzi wa 2009, Tabora ilingoja miaka 12 zaidi. Mji ulikuwa ukitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na mwaka mbaya wa mvua wenye nyumba walirudi kwenye mikokoteni ya madumu na visima vya jirani. Kwa mkopo wa India wa dola za Marekani milioni 268.35, bomba liliendelezwa kutoka Solwa, mkoani Shinyanga, kwenda Nzega, Igunga na Tabora. Mwishoni mwa Januari 2021 Rais John Magufuli aliuzindua mradi huo mjini Tabora. Tenki limejengwa kwenye kilima cha Kaze, kinachobeba jina la makazi ya Snay bin Amir.

Nalifurahia bomba hilo bila kusita. Mama aliyeamka saa tisa usiku kufuata maji hana haja ya kuambiwa faida yake. Kwa sababu hiyohiyo nataka liandikwe vizuri kuliko bomba lolote nchini, kwani limefanya jambo ambalo mito yetu haikulifanya: limeyaunganisha mabonde matatu. Tanzania ina mabonde tisa ya kusimamia maji, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 kila moja lina bodi yake na kila anayechukua maji anahitaji kibali kinachotaja kiasi, mahali na matumizi. Kibali cha Ihelele kiko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ofisi yake Mwanza. Igunga na Shinyanga mjini ziko Bonde la Kati, ofisi yake Singida. Tabora mjini iko Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi yake Kigoma. Dira za jumla husomwa na KASHWASA, dira za nyumbani husomwa na TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, na mamlaka nyingine za miji, vijijini yuko RUWASA, na bei huangaliwa na EWURA.

Sasa ifuate lita moja. Mwanza huandikwa kama maji yaliyoondoka. Tabora huandikwa kama maji yaliyouzwa. Baada ya kuoshea vyombo hushuka kwenye karo na mitaro hadi Igombe au Wala, na hapo kwa msomaji wa kipimo cha mto inaonekana kama mvua ya Tabora, wakati ni maji ya Nile. Bomba likipasuka karibu na Igunga, Victoria imepoteza, TUWASA haijapata, na Manonga imeongezewa. Katika kitabu cha mapato huo ni upotevu. Katika kitabu cha bonde huo ni mto mdogo mpya usio na jina. Na upande wa Ugalla yanakokwenda haya yote kuna ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyotambuliwa mwaka 2000 kuwa ya kwanza ya Tanzania chini ya mkataba wa Ramsar. Maji yakiongezeka huko, au ubora wake ukibadilika, mtaalamu wa Kigoma atahitaji kujua ni kiasi gani kimetoka angani na ni kiasi gani kimetoka Ihelele.

Kwa hiyo daftari la bomba hili linahitaji kurasa ambazo daftari la kawaida la mamlaka ya maji halina. Katika kila mahali bomba linapovuka mgongo wa bonde pawe na dira, hata kama hakuna mteja hapo. Usomaji uwe wa kila siku, kwa mita za ujazo, ukiwa na saa na jina la kituo. Umeme ukikatika na pampu zikasimama, iandikwe kwamba zilisimama, kwani sifuri ya pampu na sifuri ya msomaji asiyefika si kitu kimoja. Dira ikibadilishwa, namba ya mwisho ya ile kuukuu na ya kwanza ya mpya zikae mstari mmoja. Palipokadiriwa paandikwe makadirio, wala yasije kugeuka vipimo miaka miwili baadaye kwa kunakiliwa. Namba iliyosahihishwa isifute ile ya awali. Zikae zote mbili, na sababu pembeni. Kisha ofisi za Mwanza, Singida na Kigoma zisome kitabu kimoja, kwa sababu kila moja peke yake inaona kipande.

Kazi inaongezeka. Juni 2022 serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa miji 28, kwa mkopo mwingine wa India wa dola milioni 500, na miongoni mwa miji hiyo imo Sikonge, Urambo na Kaliua. Yote mitatu iko upande wa Ziwa Tanganyika. Na tarehe 13 Oktoba 2024 mkataba wa ushirikiano wa bonde la Nile, uliofunguliwa Entebbe Mei 2010 na kutiwa saini na Tanzania siku ileile, ulianza kutumika baada ya Sudan Kusini kuuridhia. Misri na Sudan hazimo. Kifungu chake cha saba kinazitaka nchi wanachama zibadilishane taarifa za maji mara kwa mara. Nchi nyingine zikiuliza ni kiasi gani cha maji ya Nile kinavuka kwenda Kongo na Eyasi, jibu litatoka kwenye dira za Ihelele, Solwa, Nzega, Igunga na Kaze, na kila tawi jipya la Sikonge, Urambo na Kaliua lifungwe dira yake kabla ya maji kufunguliwa.